Simu ya Maren Bado Inaita

Amezikwa Oktoba, Januari amekunywa kahawa na mzee wa watu. Ni nani huyo?

Kitendawili hiki hakuna aliyekitega kwa mchezo. Kilikuja kwa simu, asubuhi ya Alhamisi, katika ofisi ya udahili ya Chuo cha Ellery. Ilikuwa Februari, theluji imeziba madirisha nusu, na maafisa wote wamejifungia kusoma maombi kama watawa. Aliyeipokea simu ni Lorna Sprague, mwanamke wa makamo mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Miji yote ya kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, ilikuwa mikononi mwake. Mtoto wa huko akiomba Ellery, Lorna ndiye humsoma kwanza, na Lorna ndiye humsemea mbele ya kamati. Kabla ya kazi hiyo alikuwa mpelelezi wa bima, akichunguza nyumba zilizoungua zenyewe na zilizounguzwa. Wenzake walimwita Pua.

Aliyepiga simu alikuwa Bwana Fife, mshauri wa wanafunzi wa shule ya Stillwell.

"Mmeniandikia mnataka alama za muhula wa kwanza za Maren Haskell," alisema.

"Kila mwombaji tunamwomba, Bwana Fife. Wenzako wameshaleta."



"Maren hana alama za muhula wa kwanza, mama. Alizama ziwani Oktoba. Mtumbwi ulipinduka. Jeneza nimelibeba kwa bega hili."

Lorna alilivuta faili. Karatasi za shule zililetwa Septemba na Fife mwenyewe, mtu wa kuwahi kila kitu. Maombi yenyewe, pamoja na insha, yaliingia kwa mtandao siku ya mwisho ya Desemba. Mashine ikaunganisha hiki na kile, ikaona mtoto amekamilika, ikaomba alama za muhula. Mashine haiendi mazishini.

Na kulikuwa na jambo la tatu. Amos Pelkey, mzee aliyesoma Ellery enzi hizo na sasa hujitolea kuzungumza na waombaji wa upande ule, alikuwa ameleta maoni yake: Nimekaa naye Januari. Mchukueni. Mkimwacha mna wazimu.

"Nani anaweza kufanya jambo hili?" Lorna aliuliza.

Fife alishusha sauti. "Sipendi kusema. Lakini yuko rafiki yake, Brigid Lavoie. Waliandika maombi yao meza moja. Maneno ya siri ya mwenzake anayajua. Na yeye pia ameomba kwenu."

Mkurugenzi wa udahili, Conrad Wexley, alisikiliza habari hiyo akiwa amesimama, donati mkononi, hakuila.

"Kuna mtu amevaa jina la maiti," alisema. "Na Lavoie yumo humu humu?"

"Yumo. Kamati itamsikia kesho asubuhi."

"Basi haimsikii. Anayegusa faili la mwenzake hana kiti hapa. Namtoa."

"Na kama siye?"

"Basi niletee aliye yeye kabla ya kamati kukaa. Nikikaa kitini bila jina jingine, Lorna, huyo msichana ametoka. Halafu polisi wataendelea mlipoishia ninyi."

Lorna alirudi mezani kwake. Kabla ya kuvaa koti alipiga namba ya simu iliyoandikwa kwenye maombi. Alitegemea kuambiwa haipatikani.

Iliita.

Iliita kwa raha zake, kisha sauti ya msichana ikaja, imejaa pumzi na kicheko, kama aliyepanda ngazi mbio: "Hapa Maren! Siwezi kupokea, au sitaki. Sema jambo la maana, nitakupigia. Kweli tena!"

Lorna alikata. Akasema peke yake, kwa sauti, jinsi alivyozoea kusema mbele ya majivu ya nyumba za watu: "Mwenyewe yuko kaburini tangu Oktoba. Simu ina chaji."

*

Mzee Pelkey hakuwa na ofisi. Kila baridi aliburuta kibanda chake cha mbao hadi katikati ya ziwa la Stillwell lililoganda, akatoboa barafu, akawasha jiko la kuni, akavua samaki. Waombaji aliwaita humo humo. Chuo kilimkanya. Akajibu kwamba mtoto anayeweza kukaa na mzee kando ya tundu mpaka samaki aje, profesa gani atamshinda?

Lorna alitembea juu ya ziwa akiinamia upepo. Chini ya miguu yake barafu iliguna, mguno mrefu uliotoka mbali, ukapita, ukaenda zake.

"Aa, mtu wa makaratasi!" Pelkey alisema. "Ingia, funga mlango, unaniingizia Februari. Wamekutuma unifukuze?"

"Nimekuja kwa ajili ya Maren Haskell."

"Mmemchukua?"

"Niambie kwanza. Alifikaje hapa?"

"Kwa miguu. Alitokea kule kanisani, akakata ziwa moja kwa moja."

"Uso wake ulikuwaje?"

"Uso gani? Kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, skafu hadi puani. Na mimi na macho haya, binti yangu! Hili la kushoto lina mtoto wa jicho. La kulia nadhani lina mjukuu."

"Ulijuaje basi kama ni Maren?"

"Si alisema ni Maren? Alivaa koti la buluu la timu ya hoki ya wasichana. Ulitaka nimwombe kitambulisho? Mimi ni askari wa mpakani?"

"Mzee, wewe ni mtu wa Stillwell?"

"Mimi ni wa ng'ambo ile. Na vuli yote nilikuwa hospitalini Bangor wakinibadilisha nyonga. Nimerudi Krismasi. Kwani kuna nini?"

Lorna alimwambia. Alimwambia Oktoba, akamwambia mtumbwi.

Pelkey alilitazama tundu. Maji yalikuwa meusi, yakipumua polepole, juu chini, juu chini. Alikishika kibao alichokalia, akakirudisha nyuma hadi kikagonga ukuta.

"Ziwa hili?"

"Ziwa hili."

"Basi nani alikunywa kahawa yangu?"

"Hilo ndilo nililokuja nalo. Usiniambie alichosema. Niambie alichofanya."

Mzee alivua kofia, akaikunja magotini. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Hakutaka kukaa karibu na tundu. Alikaa pale ulipo, mgongo ukutani. Lakini macho hakuyatoa majini. Nilipomwuliza, baada ya miaka kumi unajiona wapi, alilia. Nikasema basi, mwanangu, swali lenyewe la kijinga. Nikamtegea kitendawili, maana huwatega wote. Akategua. Nikamwambia sasa nitege wewe."

"Akasema?"

"Naandaa meza ya wawili, nakula peke yangu. Nikawaza, nikawaza. Nikashindwa. Nikampa mji. Nilimpa Boston nzima. Akasema Boston haitoshi, akainuka."

"Hakukupa jibu?"

"Hakunipa. Aliosha kikombe changu, na nilikuwa sijakiosha tangu Mwaka Mpya. Mlangoni akanifunga zipu."

"Akakufunga zipu vipi? Nionyeshe."

Pelkey alisimama kwa taabu, akashika zipu ya koti la Lorna, akaipandisha hadi kidevuni, akapigapiga kola. Kisha akachukua glavu zake, akaziingiza moja ndani ya nyingine kama soksi. "Hivi. Akanitilia mfukoni, akasema, 'Na usizipoteze tena.' Mimi ndiyo kwanza ananiona! Nikasema moyoni, huyu mtoto amelelewa."

Barafu ikaguna tena, safari hii karibu, na kahawa ikatetemeka kikombeni.

"Mzee," Lorna alisema, "una watoto?"

"Watatu."

"Walipokuwa na umri wa miaka kumi na saba, nani kati yao aliwahi kukufunga zipu?"

Pelkey aliitazama zipu ya koti lake, akaishika.

*

Brigid Lavoie aliletwa ofisini kwa Fife akiwa na koti la buluu. Msichana mrefu, mabega ya kusukumana, kucha zimeliwa hadi kwenye nyama.

"Mmekuja kunitoa," alisema kabla hajaketi.

"Nani kakwambia?"

"Bwana Fife hawezi kuficha. Ona shingo yake ilivyo nyekundu."

Fife aliipapasa shingo.

"Nipeleke kanisani," Lorna alimwambia msichana. "Kwa miguu. Nataka hewa."

Kutoka shuleni hadi kanisani, njia ya watu wa Stillwell wakati wa baridi ni kukata ziwa. Watoto walikuwa wakivuka na mikoba, mbwa nyuma yao, bibi mmoja anaburuta kuni. Lorna alitia mguu kwenye barafu. Brigid hakuutia.

"Njia si hii?"

"Ya barabarani ni nzuri zaidi."

"Mbona ndefu?"

"Najua ni ndefu! Wote wanajua. Mnajua wananiitaje? Mzunguko. Mzunguko anapita, mpisheni Mzunguko." Alicheka, na midomo yake ilikuwa imekuwa nyeupe kama unga. "Nilikaa mbele ya mtumbwi, yeye nyuma. Ulipopinduka nilishika mtumbwi. Ningeweza kushika mtu, nikashika mtumbwi."

Bibi wa kuni aliwapita, akamgusa Brigid mkono bila kusimama. "Nenda barabarani, mwanangu," alisema. "Tangu lini umekanyaga hapa?"

Lorna alirudisha mguu wake nchi kavu. Wakapita barabarani.

"Insha ile ni ya Maren?"

"Ile ya kujifunza kuendesha trekta la babu yake? Yake kabisa. Aliimaliza wiki ile ile. Alibakiza kubonyeza tu. Mimi nilimwambia bonyeza, akasema nasubiri nionyeshe mama."

"Na neno lake la siri, nani mwingine analo?"

"Mama yake. Nilimpa mimi, alitaka picha zake." Brigid alisimama ghafla barabarani. Hakuwa mjinga. "Hapana," alisema. "Msimfanye kitu. Nitoeni mimi."

"Wewe rudi darasani."

"Bibi, nimesema nitoeni mimi. Mimi nina deni naye."

"Rudi darasani, Brigid. Deni halilipwi kwa uongo wa mtu mwingine."

*

Nyumba ya Darlene Haskell ilikuwa nyuma ya kanisa, ndogo, kizingiti kimefagiliwa theluji hadi mbao zinaonekana. Aliyefungua mlango angeweza kupita mwenyewe kama mwanafunzi. Alimzaa Maren angali shuleni, na umbo lilikuwa limebaki pale pale. Uso tu ndio uliokuwa umekwenda mbele bila kusubiri.

"Wewe ni wa Ellery," alisema. "Ulikuja shuleni Septemba. Ulimpa mwanangu kalamu."

"Naomba kuingia, mama."

Jikoni kulikuwa na harufu ya maharage ya kuoka. Mezani sahani mbili, vijiko viwili, glasi mbili. Koti la buluu lilining'inia nyuma ya mlango. Lorna alitoa simu yake, akapiga.

Kando ya kopo la mkate, juu ya waya wa chaji, simu yenye ganda la njano ikaanza kuita. Ilitetemeka, ikajisogeza kidogo kidogo mbaoni kama mdudu aliyepinduliwa. Wanawake wale wawili waliitazama. Hakuna aliyenyoosha mkono. Iliita mpaka ikachoka.

"Huwa naiacha iite," Darlene alisema. "Nikiipokea, sauti yake aliyoirekodi haiji."

Lorna alikata, akaketi bila kukaribishwa.

"Naandaa meza ya wawili, nakula peke yangu," alisema.

"Yule mzee amekwambia." Darlene alikaribia kutabasamu. "Alinipa Boston."

"Ulikwenda kwa nini?"

"Kwani alinipa nafasi? Alipiga simu hiyo hiyo, akaacha ujumbe, njoo kibandani Jumamosi, vaa vizuri. Nikasema nisipotokea wataandika Maren hakutokea. Mwanangu hakuwa mtu wa kutotokea." Alikuwa akikunja kitambaa, akikikunjua. "Na kuandika sikuandika hata neno. Nilifungua nione picha, nikakuta kila kitu amekijaza. Imebaki bonyeza hapa. Mkesha wa Mwaka Mpya, watu wanapiga baruti huko nje. Nikabonyeza."

"Ulidhani itakuwaje?"

"Sikutaka pesa zenu wala kiti chenu. Wenzangu wanamwuliza Mungu kwa nini, naye anyamaze. Nikasema mimi nitauliza pale wanapojibu. Ninyi mnajibu, Machi kila mtu anapata jibu lake. Nilitaka kujua tu. Mngemchukua?"

Maharage yalichemka. Lorna alivua miwani ya puani, akaifuta, akairudisha.

"Kuna mtoto mwingine anatolewa kesho asubuhi kwa sababu ya kibanda kile," alisema. "Wanasema ni Brigid."

Kitambaa kikaanguka. "Brigid? Brigid na barafu wapi na wapi? Mtoto yule mvua ikinyesha tu hufunga mapazia!" Darlene alikuwa ameshasimama, ameshachukua koti. "Ni nani huyo mkubwa wenu? Twende sasa hivi. Aniite mwizi, aite polisi, lakini Brigid asimguse. Huyo ndiye aliyebaki."

"Huna haja ya kuja. Nataka ruhusa tu ya kutaja jina lako."

"Litaje. Lipigie kengele ya kanisa."

Lorna aliinuka. Mlangoni mama alimgeuza kwa bega, akashika zipu yake, akaipandisha hadi kidevuni, akapigapiga kola. Akaziona glavu mkononi mwa mgeni, akaziingiza moja ndani ya nyingine. Mikono ilifanya yenyewe. Ilipomaliza, Darlene aliitazama kama ya mtu mwingine.

"Hukunijibu," alisema.

"Sijui jibu, mama. Mimi ni sauti moja tu. Kamati inakaa kesho."

*

Kamati ya Ellery hukaa kwenye meza ndefu yenye kiti kimoja kitupu. Ni desturi yao ya zamani. Kiti ni cha mtoto anayesemewa, ili watu wasisahau kwamba kuna mtu. Hakiwekewi koti wala mkoba.

"Jina," Wexley alisema.

"Darlene Haskell. Mama yake. Lavoie hajakanyaga barafu tangu msiba. Mji mzima ni shahidi, na Fife naye angejua kama angetazama dirishani badala ya kwenye mafaili."

Aliwaeleza yote: simu, zipu, meza ya wawili. Mtu mmoja upande wa pili aliweka kalamu chini na hakuiokota tena.

"Na polisi?" mwingine aliuliza.

"Polisi wafanye nini?" Wexley alisema, akitazama mahali pengine. "Haya. Lavoie abaki. Faili la Haskell liondolewe, tuendelee."

"Hapana," Lorna alisema. "Faili likishasomwa, linasemewa. Hiyo ni sheria yenu, si yangu. Nami nilimsoma Januari, nikaandika ndiyo kabla sijajua lolote."

"Unataka tumpigie kura marehemu?"

"Nimetumwa swali, Conrad. Nataka kulirudishia jibu. Likiwa hapana, nitalipeleka hapana."

Lorna alikigeukia kile kiti kitupu, kama anavyofanya kwa wote, akamsemea Maren Haskell wa Stillwell. Alisema alama zake, nzuri ila fizikia. Alisema trekta la babu lililozimika katikati ya shamba, na msichana aliyelifungua lote, akalifunga, akabaki na skrubu moja mkononi, trekta likawaka hata hivyo, naye akaandika kwamba skrubu ile bado inamnyima usingizi. Alisema kila kitu kwa wakati uliopo. Hakulia wala hakupamba.

"Mikono," Wexley alisema.

Ilikwenda juu mmoja mmoja. Wa aliyeweka kalamu chini ulitangulia. Wexley aliangalia dirisha lililozibwa na theluji kwa muda. Kisha mkono wake ukapanda, taratibu, kama wa mtu anayejikinga na jua.

"Sasa Lavoie," alisema. "Tusemee."

Alimsemea. Mikono ilipanda tena. Iliposhuka, Lorna alitoka ukumbini, akasimama kwenye korido iliyonuka sufu mbichi, akapiga ile namba.

Iliita. Iliita kwa raha zake. Huko Stillwell, kando ya kopo la mkate, ilikuwa ikijisogeza mbaoni, na mtu amesimama mbele yake, mikono kifuani, akiiacha.

"Hapa Maren! Siwezi kupokea, au sitaki. Sema jambo la maana, nitakupigia. Kweli tena!"

"Maren," Lorna alisema, "hapa ni Lorna Sprague, wa Chuo cha Ellery. Umesema niseme jambo la maana." "Tumekuchukua. Kweli tena."